KOPO LA MKAA CHINI YA LORI
Somo la usalama kazini kwa matawi yote



Leo somo letu ni juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tumekiona bila kukijua. Ni kopo jeusi, kiasi cha kopo la maziwa ya unga au kubwa zaidi kidogo, limefungwa karibu na injini au karibu na tangi la magari ya petroli. Lina mipira miwili au mitatu. Ndani yake mna mkaa. Mafundi wengine huliita kanista. Sisi hapa tutaliita kopo la mkaa.

Mtauliza: sisi ni wachumaji chai, wakata miwa na watu wa kiwandani, kopo la gari latuhusu nini? Latuhusu kwa sababu ndilo gari linalotubeba alfajiri kwenda shambani. Latuhusu kwa sababu mwenzetu mmoja aliungua. Tutaanza na habari zake.

1. YALIYOTOKEA BANDANI

Mwaka 2009 tulikuwa tukisimamia tawi la shamba moja la chai upande wa magharibi wa Uganda. Shamba lilikuwa na malori ya dizeli na pikapu moja kuukuu ya petroli, ya miaka ya 1980, yenye kabureta. Pikapu hiyo ilibeba wachumaji asubuhi, mchana ilibeba mbolea, na usiku ililazwa ndani ya banda la gereji juu ya shimo la mafundi.

Kina mama waliopanda pikapu hiyo walikuwa wakilalamika kwa miezi mingi. Walisema inanuka petroli hata ikiwa imesimama, na wakifika shambani vichwa vinawauma na tumbo linachafuka. Waliandikiwa dawa ya malaria. Sisi wa tawi tuliandika malalamiko hayo katika daftari, lakini lazima tukiri kwamba hatukuyafuatilia. Tulidhani harufu ni kawaida ya gari kuukuu.

Asubuhi moja umeme ulikuwa umekatika. Taniboi wa pikapu, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliambiwa ashuke shimoni kumwaga oili ya injini. Alishika taa ya chemli. Hakufika chini. Moto ulitoka shimoni kwa kishindo, ukamshika miguu, mikono na uso. Alikaa hospitali karibu miezi mitatu. Alipona, lakini vidole vya mkono wa kushoto havikunjiki tena.

Kampuni iliandika ripoti ya maneno machache: ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi aliyeingia gereji na taa ya moto. Mwisho wa ripoti.

Tulipokwenda kuangalia pikapu pamoja na fundi mstaafu tuliyemwomba atusaidie, alilala chali chini ya gari kama dakika kumi. Kisha akatutolea mkono akiwa ameshika ncha ya mpira. Ulikuwa mpira utokao tangini. Haukuungwa popote. Mahali pa kopo palibaki misumari miwili tu ya nati.

2. PETROLI NA MVUKE WAKE

Ili tuelewe ule mpira, kwanza tuielewe petroli.

Weka maji katika sahani juani, yatapungua polepole. Weka petroli, itakwisha mbele ya macho yako. Petroli hugeuka mvuke hata penye baridi kali kuliko baridi yoyote tunayoijua huku kwetu. Kwa hiyo tangi la petroli kila wakati lina vitu viwili: petroli chini, na mvuke wa petroli juu. Jua likipanda, mvuke huvimba na kutafuta njia ya kutoka. Usiku tangi likipoa, huvuta hewa ndani. Yaani tangi linapumua kila siku, hata gari likiwa halitembei.

Mvuke huo una tabia mbili ambazo kila mfanyakazi azishike.

Ya kwanza: ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Moshi wa kuni hupanda darini. Mvuke wa petroli huteremka. Hutambaa sakafuni kama maji, ukaingia mtaroni, ukajaa shimoni. Macho hayauoni.

Ya pili: hauhitaji kuwa mwingi ili ulipuke. Katika hewa ya sehemu mia, ukiwa umefika kama sehemu moja na nusu tu, cheche moja yatosha. Ukizidi kama sehemu saba na nusu, hewa inakuwa haba na moto haushiki. Kati ya hapo ni hatari tupu.

Sasa mnaona yaliyotokea. Pikapu ilirudi jioni ikiwa na moto, ikalazwa juu ya shimo, milango ya banda ikafungwa. Usiku kucha mvuke ulitoka kwenye ule mpira na kwenye kabureta, ukashuka. Shimo lilikuwa limejaa kabla kijana hajaamka kwao.

Na dizeli je? Dizeli haitoi mvuke upesi namna hiyo katika joto la kawaida. Ndiyo maana malori ya dizeli hayana kopo la mkaa, wala msilitafute huko. Somo hili ni la magari ya petroli.

3. KOPO LINAFANYA NINI

Kazi ya kopo ni kuushika ule mvuke usitoke nje, kisha kuupeleka injini uungue kwa faida.

Mkaa wa ndani si mkaa wa jikoni. Hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, mbao au makaa ya mawe, kisha huchomwa tena kwa joto kali, mara nyingi pamoja na mvuke wa maji, mpaka unakuwa na matundu madogo yasiyohesabika. Matundu hayo yana kuta, na mvuke wa petroli hunata kwenye kuta hizo. Ukiweza kuzikunjua kuta zote za gramu 10 za mkaa mzuri wa namna hiyo, yaani vijiko viwili hivi, utafunika zaidi ya uwanja mmoja wa mpira. Ndiyo maana kopo dogo laweza kushika mvuke wa tangi kubwa.

Fuateni njia yake hatua kwa hatua:

(a) Tangi linapata joto. Kifuniko cha tangi kimefungwa vizuri, hivyo mvuke hauna njia ila mpira unaokwenda kwenye kopo. Katika magari mengi ya kabureta, upo mpira mwingine unaotoka bakuli la kabureta.

(b) Mvuke unaingia kwenye kopo na kunata katika mkaa. Hewa safi iliyobaki inatoka upande wa pili. Gari likiwa limezimwa, kazi inaishia hapa.

(c) Dereva anawasha injini na kuondoka. Injini inavuta hewa kwa nguvu. Vali ndogo inafunguka, na hewa ya nje inapita ndani ya mkaa, inaubandua mvuke, inakwenda nao injini. Unaungua pamoja na petroli nyingine.

(d) Mkaa umebaki mtupu, tayari kwa usiku mwingine.

Kwa hiyo kopo ni kama ghala: usiku linapokea, mchana linatoa. Likipokea bila kutoa, linajaa na kumwaga. Likiondolewa, hakuna anayepokea.

4. LILITOKA WAPI

Kopo hili halikuletwa na huruma za wenye viwanda vya magari. Lililetwa na sheria.

Huko Los Angeles, Marekani, tangu miaka ya 1940 watu walikuwa wakiwashwa macho na kukohoa kwa ukungu mchafu. Mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba mvuke wa petroli na moshi wa magari, vikipigwa na jua, hugeuka kuwa hewa ya sumu. Ilionekana pia kwamba si bomba la moshi peke yake lenye makosa. Katika gari la zamani, karibu sehemu moja kwa tano ya petroli isiyoungua ilitoka kwenye tangi na kabureta.

Jimbo la California likaamuru kuzuia mvuke huo kuanzia magari ya modeli ya 1970, na Marekani nzima ikafuata kwa modeli ya 1971. Malori makubwa zaidi ya petroli yaliingizwa katika amri baadaye. Nchi nyingine ziliweka sheria zake. Leo pikapu nyingi za petroli zinazokuja kwetu zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, zinakuja na kopo lake. Linapotea likiwa huku.

5. KWA NINI LINANG'OLEWA

Tumewauliza mafundi wa gereji mbalimbali, na majibu yao ni haya.

"Halina kazi, gari linatembea bila hilo." Ni kweli gari linatembea. Hata lori lisilo na honi linatembea.

"Limeharibika, na jipya ni ghali." Huenda. Lakini kulitoa na kuacha mpira wazi si matengenezo. Wengine hufanya kosa la pili: wanauziba mpira kwa msumari au kijiti. Basi tangi halipumui. Petroli ikipungua tangi linanyonyeka, huweza hata kubonyea, na injini inakosa petroli njiani. Jua likiwa kali tangi linavimba, na anayefungua kifuniko anarushiwa petroli usoni. Kuacha wazi ni kosa, kuziba ni kosa.

"Lilikuwa likifanya injini itetemeke." Hapo mara nyingi kosa ni vali iliyokwama ikiwa wazi, au mpira uliopasuka, au tangi lililojazwa kupita kiasi. Ukijaza petroli mpaka mdomoni, petroli yenyewe huingia kwenye kopo, na mkaa uliolowa haushiki mvuke. Mwenye pampu akiona pampu imejikata, aache hapo. Asiongeze "kidogo tu".

Tunasema haya bila kuwachukia mafundi. Fundi wa shamba naye ni mfanyakazi. Anaagizwa gari litoke leo, na kipuri hapewi. Jina lake ndilo linaloandikwa ajali ikitokea. Fundi akatae kutoa gari namna hiyo, na sisi tusimame naye.

6. MVUKE NA AFYA YETU

Moto huua mara moja. Sumu huua polepole, na ripoti haiandikwi.

Anayevuta mvuke wa petroli kwa wingi huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kutapika. Ndani ya petroli mna kitu kiitwacho benzini, ambacho huharibu uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na huleta saratani ya damu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao Lyon, Ufaransa, limeiweka benzini katika kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa vinaleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2025 liliiweka petroli yenyewe ya magari katika kundi hilo.

Wapo wanaosema petroli ya siku hizi haina sumu kwa kuwa risasi imeondolewa. Ni kweli kwamba nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliacha mwaka 2021. Huo ulikuwa ushindi mkubwa kwa watoto wetu. Lakini risasi ni kitu kimoja, benzini ni kingine. Benzini haijaondoka.

Kwa hiyo: usinyonye petroli kwa mdomo ukiihamisha kwa mpira, tumia pampu ya mkono. Usinawe mikono kwa petroli. Usipande na jerikeni ya petroli ndani ya gari la abiria. Mama mjamzito asikalishwe karibu na mdomo wa tangi.

7. JINSI YA KUKAGUA

Ukaguzi huu haumhitaji mhandisi. Dereva, taniboi na mwakilishi wa tawi waufanye pamoja, gari likiwa nje, injini imezimwa na imepoa, pasipo sigara wala taa ya moto.

Kwanza, nusa. Gari lililolala usiku lisinuke petroli. Likinuka, kuna mahali panapovuja.

Pili, fungua kifuniko cha tangi polepole. Sauti ndogo ya pumzi si kitu. Ikivuta au kusukuma kwa nguvu, njia ya kupumulia imeziba. Angalia pia mpira wa kifuniko kama umekatika. Kifuniko cha kitambaa au gunia si kifuniko.

Tatu, fuata mpira kutoka tangini mpaka mwisho wake. Uishie kwenye kopo. Ukiishia hewani, umekwisha kupata kosa.

Nne, angalia kopo. Likiwa limepasuka, au limelowa petroli na kuwa zito, au unga mweusi unaonekana kwenye mipira, limekufa. Usilioshe kwa maji. Usilipulize kwa kompresa. Usilifungue ukajaza mkaa wa jikoni. Unga wake utakwenda injini na mvuke hautashikwa.

Tano, mipira na vali. Mpira uliokauka na kupasuka ubadilishwe kwa mpira wa petroli, si wa maji. Vali ipimwe na fundi kwa pampu ya mkono. Asiijaribu kwa mdomo.

Kisha andikeni. Tarehe, namba ya gari, kilichoonekana, jina la aliyeambiwa. Mwambie msimamizi kwa maandishi na ubaki na nakala. Malalamiko ya mdomo hupotea kama ule mvuke.

Gari likingoja kipuri lisilazwe ndani ya banda, wala juu ya shimo, wala karibu na jiko. Lilazwe nje penye upepo. Na kabla mtu yeyote hajashuka shimoni, milango ifunguliwe, hewa ipite, na taa iwe ya namna isiyotoa cheche.

8. HAKI ZETU

Turudi kwa yule kijana. Sisi tulikosea hapa pia. Tulipoteza wiki nyingi tukibishana na kampuni kwamba hakuwa mzembe. Ofisa wa kazi wa wilaya ndiye aliyetufungua macho. Alituonyesha kwamba chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda, mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini analipwa fidia hata kama aliumia kwa uzembe wake. Neno "uzembe" katika ripoti lilikuwa la kututisha tu. Kijana alilipwa. Si fedha nyingi, na hazikunyoosha vidole vyake, lakini alilipwa.

Hata hivyo ule mpira ulikuwa na kazi yake. Kwa ule mpira tulilazimisha ripoti iandikwe upya, jina la kijana likasafishwa, na pikapu ikaondolewa kazi ya kubeba watu. Fidia humfuata aliyeumia. Ushahidi humlinda ambaye bado hajaumia.

Shikeni na haya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ni ya mwaka 2006; Kenya wanayo ya 2007, Tanzania ya 2003. Juu yake upo Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo. Kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Yaani bei ya kopo isikatwe katika mshahara wa dereva. Na tangu Juni 2022, kazi salama na yenye afya imehesabiwa miongoni mwa haki za msingi za kazi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu.

Lakini sheria haitembei kwa miguu yake. Sisi tulikuwa na malalamiko ya kina mama katika daftari kwa miezi mingi. Walikuwa wamekwisha kutuambia. Tungefuata harufu waliyoitaja, tungeufikia ule mpira kabla ya moto.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kwa nini mvuke wa petroli hukusanyika shimoni na si darini?
2. Kwa nini kuziba mpira wa tangi si dawa ya kukosa kopo?
3. Shambani au kiwandani kwenu kuna magari mangapi ya petroli? Yanalala wapi? Nani amewahi kulala chini yake akaangalia?
4. Ni malalamiko gani yameandikwa katika daftari la tawi lenu, na hayajafuatiliwa?

Swali la nne lijibiwe kwanza.

Umoja ni nguvu.